Ramla na Memori ya Bunia

Ramla binti Waziri ana chumba chake cha kudarizia Mangobo, hapa Kisangani, kwenye barabara ya udongo inayoshuka kuelekea sokoni. Zamani kilikuwa chumba cha kuwekea baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, ambazo baba yake alikuwa akiwakodishia vijana. Pikipiki zilipojaa mjini baiskeli zikakosa kazi, papa Waziri akafariki, na kaka zake Ramla wakagawana kila kitu kilichokuwa na magurudumu. Yeye wakamwachia kuta. Walidhani wamempunja. Akazipaka kuta rangi ya kijani, akaingiza mashine ya kudarizi aliyoifanyia kazi miaka mingi akishona yunifomu za shule, na pembeni ya mashine akaweka kompyuta ya kukunja, kuukuu, iliyokuwa imetumika Kampala kabla ya kufika kwake.

Mimi nauza chakula mbele ya mlango huo: lituma, ndizi zetu za kuponda, na samaki wa liboke waliofungwa ndani ya majani. Kibaraza alinipa yeye. Nilikuwa na kiwanja changu Kabondo, chenye kisima na michikichi miwili, lakini nilipokwenda Yanonge kumzika mama yangu, mume wangu Sébastien alikiuza, na niliporudi nikakuta watu nisiowajua wameanika nguo kwenye kamba yangu. Sasa Sébastien anakaa upande wa pili wa mto na mwanamke mwingine, ameota kitambi, na kila Jumapili anaimba kwaya. Mungu anamsikiliza, nadhani, maana sauti anayo. Mimi nikaweka vyungu vyangu kwa Ramla, na tangu wakati huo sinunui hata chumvi bila kuionja.

Ramla ni mtu wa kuamini. Akiona picha ya kitu kwenye simu, anakiona tayari kiko mkononi mwake. Ni mfupi, mnene kidogo, anacheka kabla hujamaliza kusema, na akicheka anapiga paja la mtu aliye karibu. Hakuolewa tena baada ya mume wake kupanda treni kwenda Ubundu na kusahau njia ya kurudi. Akiulizwa anasema, "Treni ile iko na matatizo mengi, labda bado iko njiani." Kisha anacheka. Mimi ningekuwa yeye ningeng'oa reli.

Kazi yake ni hii. Anachora ua au jani kwenye kompyuta, anachagua rangi za nyuzi, kompyuta inaipa mashine amri kwa waya, na sindano inakimbia yenyewe kama kuku aliyeona mtama. Anadarizi kanzu za wanaume wa msikitini, blauzi za akina mama wa kanisani, kofia, vitambaa vya meza. Wakristo wanataka jina la kwaya mgongoni, Waislamu wanataka ua kifuani, na Ramla humpa kila mmoja uzi unaong'aa kupita alioomba.

Halafu ikaja kazi ya mama Safiya.

Mama Safiya ni wa zile familia za zamani za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na biashara wakabaki. Alikuwa anamwoza binti yake, Nyota, na alitaka kitu ambacho mji huu ulikuwa umeacha kukiona: ua alilokuwa akidarizi bibi yake kwa mkono, linalojaza kifua chote cha gauni, linateremka hadi magotini, kisha linapanda tena kwenye mikono. Alileta kitambaa chenyewe cha bibi, kimechakaa, kimefungwa ndani ya karatasi ya khaki kama dawa.

"Wanawake waliojua kufanya hivi wote wamekufa," alisema. "Mutoto wangu ataolewa nalo ao hapana?"

"Ataolewa nalo, mama," Ramla akajibu. "Na kanzu ya bwana-arusi italingana."

"Timothée wa mjini aliniambia yeye ataweza."

Kulitaja jina la Timothée ndani ya chumba kile ni kama kumwaga maji kwenye jiko langu. Timothée ana mashine mpya na taa za rangi mbele ya duka lake, na wateja wengi wa Ramla wakipata pesa kidogo wanahamia kwake. Ramla akacheka hata hivyo.

"Timothée atakupa maua ya Timothée. Mimi nitakupa ya koko yako, bibi yako mwenyewe."

"Bon. Nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo, swala ikiisha. Nikikuta hata jani moja la koko kwenye kitambaa, kazi yote iko yako. Nisipokuta, napeleka kwa Timothée, na usininunie."

Ramla alielewa vizuri sana uzito wa siku hiyo. Arusi ya Nyota ingejaa wanawake wa familia zote za zamani, na kila mmoja wao ana binti nyumbani. Ua likitoka kwenye mikono ya Ramla, wangeanza kumfuata. Likienda kwa Timothée, yeye angebaki na yunifomu za shule mpaka macho yachoke.

Alikuwa amekipiga picha kile kitambaa kabla mama Safiya hajaondoka nacho, akaanza kulichora ua kwenye kompyuta, petali moja moja, na kila kona aliyoifuata aliniita nije nitazame, mikono yangu ikiwa imejaa ndizi. Vipande vyote vilikubali. Alipotaka kuviunganisha viwe ua moja, kompyuta ikaganda. Mshale ukasimama. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kioo kikawa cheupe. Akaizima, akaiwasha, akaunganisha tena. Cheupe tena.

Tukamwita Eddy, baba wa mapacha, anayetengeneza simu na kompyuta chini ya mwavuli kwenye kona yetu. Akaigeuza kompyuta tumbo juu, akaifungua, akachungulia muda mrefu huku akitafuna ubani.

"Mama Ramla, mashine hii haina ugonjwa," akasema. "Iko na njaa. Memori iko kidogo. Ua lako ni kubwa, haliwezi kukaa lote kichwani mwake. Ni kama mama Aimée apikie watu wa arusi na kisufuria cha mutoto."

"Sufuria zangu uziache nje ya maneno yako," nikamwambia.

Akachomoa kibao chembamba, urefu wa kidole, chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Hiyo ndiyo memori yenyewe. Kando yake palikuwa na nafasi tupu kama pengo la jino.

"Alors, hapa tunaongeza ya pili. Lakini lazima ifanane na hii. Ile ya ordinateur, kompyuta ya meza, ni ndefu, haiingii. Na hata zenye urefu huu, ziko za zamani na za sasa; ukikosea, meno hayakutani." Akapiga picha karatasi ndogo iliyobandikwa juu yake, akamtumia Ramla. "Mjini nimeuliza kila mahali, haiko. Mutanunua kwa mtandao."

Aliposema mtandao Ramla akang'aa uso. Mimi nikakaa chini.

Saa ya mchana, wateja wangu wakishakula, tulikuwa tunaketi mlangoni, yeye na simu yake, mimi na shaka zangu. Herufi nilijifunza ukubwani, kanisani, darasani sikukanyaga. Lakini uso wa mtu anayeuza siuhitaji kuandikiwa.

Wa kwanza alikuwa duka kubwa la ng'ambo, lenye kila kitu kilichoumbwa, kuanzia sindano mpaka trekta. Memori ilikuwepo, tena ya aina nyingi kiasi kwamba Ramla alianza kuchagua kwa rangi. Akafika mahali pa kuandika anapokaa. Duka likampa orodha ya miji achague. Kisangani haikuwemo.

"Mji wote huu hawauoni?" akashangaa.

"Wana bahati, hawamuoni Sébastien."

Akachagua Kinshasa ili apite, halafu akaandika kama tunavyoelekezana sisi: Mangobo, chumba cha kijani, ulizia mama wa lituma. Duka likakataa. Lilitaka namba ya nyumba, namba ya barabara na namba ya posta.

"Liambie sisi hatuna namba, tuko na midomo," nikasema. "Na hata likikubali, kitu kikifika Kinshasa nani atakipandisha boti? Mpaka kifike hapa Nyota atakuwa na wajukuu."

Akacheka, akanipiga paja, akalifunga duka.

Wa pili Ramla alimpenda mara moja, na hapo ndipo tulipogombana. Alikuwa mtu wa Facebook, mwenye duka jeupe linalometameta, yeye mwenyewe amesimama mbele na tai nyekundu, na chini ya picha watu wamejaa: merci patron, asante bosi, Mungu akubariki patron. Bei yake ilikuwa nusu ya wengine.

"Yaya, dada yangu, tazama duka safi hivi!"

"Safi mno. Duka ambalo watu wananunua linakuwa na vumbi la miguu. Hapa nani ameingia?"

"Wewe unaona wezi kila mahali."

"Niliolewa na mmoja, nina ujuzi."

Akamwandikia. Patron akajibu haraka, na mioyo mitatu. Memori ipo, chérie. Bei ya promo inaisha leo leo. Tuma pesa yote sasa.

"Mwambie akuonyeshe memori kwa video, aishike mkononi," nikasema.

Ramla akaandika. Patron akajibu kwamba kamera ya simu yake imeharibika.

Tukatazamana. Mtu anauza simu na kompyuta, amezungukwa na simu mpya mpaka darini, halafu hana kamera. Ramla alijizuia, akajizuia, kisha kicheko kikamtoka mpaka akainamia mashine. Akamwandikia patron: pole sana, nunua nyingine dukani kwako. Patron akafuta mioyo yake, akatufungia mlango.

Wa tatu alikuwa mtu wa mji wa Bunia. Jina lake Yusufu, na ukurasa wake ulikuwa aibu. Picha za giza, nyingine kidole chake kimefunika nusu. Bei haikuwa ndogo. Ramla aliperuzi bila hamu, kama mtu anayetembea kwenye soko la jioni samaki wamekwisha, lakini akamwandikia. Yusufu hakutuma mioyo. Alituma maswali. Mashine ya aina gani? Nafasi ya pili iko wazi? Nionyeshe karatasi ya memori ya zamani. Alipoiona picha ya Eddy, akasema ile aliyokuwa ameiweka kwenye ukurasa haitafaa, iko nyingine ndani ya sanduku, ngoja aitafute. Akapiga simu kwa video akiwa ameishika mkononi, mtu mwembamba, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, kelele za pikipiki nyuma yake.

"Nusu unatuma sasa, nusu ikishafanya kazi," akasema. "Ndege ya Bunia inakuja kwenu Alhamisi. Nitampa mutu aibebe."

Alhamisi. Ijumaa ndiyo siku ya mama Safiya. Kuchelewa hakukuwa na nafasi, na kukosea hakukuwa na nafasi. Ramla akaweka kidole juu ya kioo, akakiondoa.

"Yaya, huyu je?"

"Maneno yake ni mazuri. Hilo ndilo linanitisha."

Akafikiri. Kisha akanigeukia na macho ya mtu aliyekumbuka mahali alipoweka mkasi. Kwenye soko letu hakuna anayemwuliza mfanyabiashara habari zake mwenyewe, atajisifu tu. Ukitaka kujua kama fundi ni mkweli, kama muuza nguo atakurudishia, unakwenda kwa mama anayemlisha. Mimi hapa kibarazani najua Eddy amegombana na mke wake siku gani, maana anakula sahani mbili. Watu huniuliza kila siku, na mimi hujibu.

"Tonton Yusufu," Ramla akasema kwenye simu, "wewe mchana unakula wapi?"

"Kwa mama Odile, hapa ng'ambo ya barabara. Kwa nini?"

"Tupeleke kwake."

Yusufu akaangua kicheko. "Wanawake wa Kisangani! Polisi hawaulizi hivi." Lakini akatoka. Tuliiona barabara ya Bunia ikicheza juu chini, udongo mwekundu, mbuzi, gurudumu la pikipiki, kisha moshi, kisha uso mpana wa mwanamke mwenye kilemba cha zambarau na mwiko mkononi.

"Mama Odile, watu wa Kisangani wanataka kusikia habari zangu."

"Habari zako? Watalala njaa." Akaishika simu karibu sana, tukaona jicho moja. "Jambo mama. Nani?"

Ramla akanipa simu bila kuniuliza. "Ni mimi mama Aimée. Nauza lituma huku Mangobo. Mtu huyu iko namna gani?"

"Huyu? Iko na kelele. Anakula pilipili kama hana mama. Anajisifu."

"Nasikia, mama!" Yusufu akalia kwa nyuma.

"Nyamaza, hawajakuuliza. Alors mama, mimi nakuambia hivi. Akiuza kitu kibaya, watu wanakuja kumupigia kelele, na kelele zote zinapita mbele ya sufuria zangu."

"Wamekuja mara ngapi?"

"Mara moja. Ilikuwa chaja. Alimubadilishia yule mwanamuke hapa hapa, na akamunulia soda."

Hapo nikatulia. Angeniambia hawajawahi kuja, ningekata simu. Mwenye kosa moja lililoonekana ninamwelewa.

"Huko maharagwe iko bei gani?" nikauliza.

"Usiniambie! Lakini yetu ni mazuri, yanaiva upesi. Ninyi huko munakula yale magumu?"

"Magumu kama moyo wa shemeji."

"Mama, mimi pia niko na shemeji!"

Basi tukaingia kwenye mashemeji, tukapita kwa waume, na mama Odile ana wa kwake mwenye hadithi ambayo nikiisema hapa mtamwona Sébastien mtakatifu. Namba zetu tukapeana. Yusufu alikuwa anaomba simu yake kwa sauti ya mtu anayezama. Ramla alikaa kwenye sakafu, kitambaa mdomoni, machozi yanamtoka.

Nusu ikatumwa.

Alhamisi tukapanda pikipiki moja kwenda Bangboka, uwanja wa ndege, yeye katikati, mimi nyuma nikishika kilemba. Yusufu alikuwa ametutumia picha ya abiria aliyebeba: mama mnene mwenye shali ya njano. Tulisimama nje ya mlango wa uwanja pamoja na watu wengine waliokuja kupokea mizigo ya namna hiyo, kila mmoja ameinua simu yake yenye picha ya uso asioujua. Shali ya njano ikatokea. Ramla akamkimbilia, akamkumbatia kabla hata ya salamu.

Mama yule akamkabidhi mfuko wa maharagwe.

"Na ile nyingine?" Ramla akauliza.

"Nyingine gani? Mimi nilipewa maharagwe. Walisema ya mama Aimée wa Mangobo."

"Kuna kitu kidogo, cha ordinateur..."

"Mutoto wangu, mimi niko na mizigo yangu na bibi-arusi wa kaka yangu ananingoja. Maharagwe ndiyo hayo." Akaondoka na shali yake.

Ramla akampigia Yusufu. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Tukapanda pikipiki kurudi. Mwenye pikipiki alijaribu kutuimbia, akaacha. Nilikuwa nayo maneno yangu tayari, yamepangwa toka siku za Kabondo: nilikuambia, wanaume wote ni hao hao, na huyo mama Odile ni mwenzake, wanakula sahani moja. Lakini nilipofika nikamwona Ramla ameketi mbele ya kompyuta iliyofunguliwa tumbo, ameshika simu yenye picha ya kile kitambaa cha koko, hachezi, hacheki. Sikuwahi kumwona bila kucheka. Hata habari ya treni ya Ubundu aliipokea na kicheko. Maneno yangu yote yakanishinda kuyatoa. Angekuwa mtu mwingine aliyetapeliwa, ningemla kwa maneno. Lakini yeye alikuwa ameuamini mdomo wangu. Mimi ndiye niliyezungumza na mama Odile.

"Tutakula angalau," nikasema. "Wezi wametupa chakula."

Nikachukua lungo, nikamimina maharagwe, nikaanza kuchambua. Hakuna mtu anayeuza chakula anayetia maharagwe motoni bila kuyachambua. Jiwe moja kwenye jino la mteja na siku yako imekwisha. Na nilikuwa na hasira, na hasira inapenda kazi ya vidole. Yalikuwa mazuri kweli, mekundu yenye madoa, hayakuwa na mawe. Nikapepeta, nikamimina mengine. Katikati ya lungo kikaanguka kifurushi kilichofungwa kwa plastiki na kamba ya kufungia nyanya.

Nikakifungua kwa meno. Ndani ya plastiki mfuko wa rangi ya fedha. Ndani ya mfuko kibao chembamba, meno ya dhahabu.

Sikumbuki nilisema nini. Jirani zetu wanasema nilipiga yowe kama mtu aliyeona nyoka, na Eddy akaacha simu ya mteja imefunguliwa akaja mbio na bisibisi mkononi. Ramla alitoka, akakiona kwenye kiganja changu, akaketi palepale juu ya gunia la makaa. Kisha kicheko kikarudi, na paja langu likakipata chote.

Nikampigia mama Odile.

"Bien sûr iko ndani!" akasema. "Kwenye mizigo mikono ni mingi. Nani anaiba maharagwe? Simu zote tunatuma hivyo. Yusufu alisema atawaandikia."

"Simu yake imezimwa!"

"Haina moto, chaja yake imekufa. Muuza chaja! Nimemucheka tangu asubuhi."

"Na kama ningeyapika, mama Odile? Ningetia memori ndani ya sufuria?"

Akaguna kama mtu aliyetukanwa. "Mwanamuke wa chakula apike bila kuchambua? Kama uko mwanamuke wa namna ile, hata maharagwe nisingekutumia."

Nikamwomba radhi. Ni mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumwomba mtu radhi na kufurahi.

Eddy akagusa chuma cha mwavuli wake kwanza, akasema ni ili kutoa umeme mwilini, akakisukuma kibao kwenye lile pengo. Kikalia klik. Akaiwasha. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika toka asubuhi, lakini betri ilikuwa na nguvu kidogo. Ramla akafungua kipande kimoja, akafungua cha pili, akaviita vyote viungane. Kiduara kikazunguka. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, ua la bibi yake mama Safiya lilikuwa limejaa kioo chote, kuanzia kifua mpaka goti, mpaka mikono, kila petali na rangi yake, na Ramla alikuwa analisogeza kushoto na kulia kwa kidole kana kwamba anambembeleza mtoto. Watu walijaa mlangoni. Mtu akapiga filimbi. Betri ikafa, kioo kikawa cheusi, na hakuna aliyejali, tulikuwa tumeliona.

Ijumaa umeme ulikataa kurudi mpaka wanaume walipokuwa wanakwenda msikitini. Ulipowaka tu, sindano ikaanza. Ramla alisimama juu yake, akibadilisha nyuzi, hapumui. Swala ikaisha. Tulisikia pikipiki ikisimama nje, na mama Safiya akaingia akiwa na ile karatasi ya khaki mkononi. Mwenye pikipiki hakumlipa aende, alimwambia angoje. Alikuwa anatoka hapa kwenda kwa Timothée.

"Salaam. Liko jani?"

Ramla hakugeuka, alikuwa na uzi mdomoni. Akasogea kidogo ili mama aone.

Jani lilikuwa limekwisha, kijani cha kina, na sindano ilikuwa imeingia kwenye petali ya kwanza. Mama Safiya akainama. Akavaa miwani. Akapitisha ukucha wake juu ya nyuzi, akafika mahali jani linapopinda, akasimama.

"Hapa limekosewa," akasema.

Mimi nikaushika mwiko wangu vizuri.

"Jani hili linapinda kushoto, na majani yote ya koko yanapinda kulia."

"Ndiyo, mama," Ramla akasema, akautoa uzi mdomoni. "Kwenye kitambaa cha koko iko vile. Kila alipofika hapa aligeuza. Timothée angelinyoosha. Mimi nimeliacha."

Mama Safiya akafungua karatasi ya khaki. Akakitandaza kitambaa cha zamani kando ya kipya. Jani la zamani lilipinda kushoto. Akayatazama yote mawili, kisha akaanza kucheka polepole, kicheko cha mwanamke asiyecheka mara nyingi.

"Mkono wake wa kuume ulikuwa unauma," akasema. "Kila alipofika hapa alihamisha sindano kwenda mkono wa kushoto. Tulikuwa tunamtania, anatufukuza na ufagio." Akakaa kwa uzito kwenye kiti cha wateja, kama mtu aliyefika nyumbani. "Nilikuwa nimesahau ufagio ule."

Mwenye pikipiki akapiga honi nje.

"Wewe! Nenda nyumbani," mama Safiya akamwambia bila kuinuka, "mwambie Nyota alete satini yote. Na ya dada zake. Na shangazi zake waje, waje sasa, waone mashine hii inavyogeuza mkono."

Walikuja kabla petali ya tatu haijaisha, wanawake wa rika zote, na nguo zao na marashi yao na vidole vyao vya kuelekeza, na kila mmoja alipolifikia lile jani lililopinda alipiga kigelegele. Chumba kile cha baiskeli kilitikisika. Ramla alikuwa anawasukuma kwa kiuno ili asikose uzi. Mimi nilisimama mlangoni, nikasema moyoni kwamba haya hayanihusu, kisha kigelegele kikanitoka mimi pia, kirefu, na nilipomaliza nikapiga kingine.